Mkanda wa Baba Mkwe

Wiki iliyopita niliwaacha nikirudi nyumbani Mukuyuni nikiimba peke yangu barabarani, mpaka mbwa wa jirani wakaanza kunifuata. Madam Wanjiro, mwenye kampuni yetu ya mieleka, alikuwa ameninong'oneza nyuma ya lori kwamba Jumamosi, kule Kwa Vonza, nitakuwa bingwa.

Kwa aliyekosa gazeti, nijitambulishe tena. Naitwa Kimeu. Ulingoni naitwa Broka, dalali wa maembe. Navaa koti la suti na kofia, naingia na mizani ya kupimia maembe, nawaambia watu maembe yao ni madogo, wananizomea, halafu napigwa. Kwa miaka miwili nimepigwa Emali, nimepigwa Wote, nimepigwa mpaka Mutomo. Na kila mara anayenipiga ni yule yule, mzee Ndululu, Jembe wa Nunguni, mkulima anayewalipizia kisasi wakulima wote.

Sasa huyo mzee Ndululu ndiye baba yake Wavinya, msichana anayetupigia kengele ulingoni. Mara mbili nimetuma wazee kumposa. Mara mbili wamerudi wakiwa wamekunywa chai tu.

"Binti yangu hataolewa na broka," mzee aliniambia.

"Mzee, si hiyo ni kazi ya ulingoni tu?"

"Mimi najua. Majirani hawajui."

Hapo ndipo tulipofika. Sasa sikilizeni jinsi nilivyojitia kitanzi kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikicheka.

Kwanza mwelewe jambo moja. Katika mieleka yetu mshindi hapatikani ulingoni Jumamosi. Anapatikana Alhamisi. Kila Alhamisi tunakutana kwenye stoo ya mahindi pale Mukuyuni, tunakaa juu ya magunia, na Madam anafungua daftari lake kubwa la jalada gumu. Tunaliita Kitabu. Kitabu kikisema umepigwa, umepigwa. Ukibisha, unarudisha nguo za ulingoni na kwenda kutafuta kazi nyingine.

Ni mtu mmoja tu ambaye Kitabu kinamwogopa. Kampuni ilipoanza, mbao za ulingo zilitoka kwenye mikaratusi ya mzee Ndululu, na kabla ya kuzitoa alimwandikisha Madam karatasi. Ilisema hivi: maadamu mkanda wa ubingwa uko kiunoni mwa Ndululu, hakuna matokeo yatakayoandikwa bila yeye kukubali.

Miaka tisa hajakubali kuanguka hata siku moja. Mkanda wenyewe ni ngozi ya ng'ombe na kifuniko cha sufuria kilichosuguliwa kikang'aa, lakini mzee hulala nao kitandani.

Basi Alhamisi hiyo Madam alikohoa, akasoma.

"Kwa Vonza. Pambano la mwisho. Broka anamwangusha Jembe. Broka anachukua mkanda."

Nyamai, refa wetu, aliacha kutafuna njugu. Wote tulimgeukia mzee.

"Mzee, watu wamechoka," Madam akajitetea haraka haraka. "Wanajua kila siku ni wewe utashinda. Lakini Broka akichukua mkanda, Nunguni yote itakuja kutaka uurudishe. Fikiria hiyo..."

"Sawa," mzee akasema.

"Ati?"

"Nimesema sawa. Andika. Kijana ametumika vizuri."

Madam alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akamwangalia upya.

"Haiya! Umekubali hivyo tu?"

"Kwani ulitaka nilie?"

Madam aliandika kabla mzee hajabadilisha nia. Wenzangu walinipigapiga mgongoni. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia langu, meno yote nje, kichwa kimevimba. Kumbe hata hayo yalikuwa mwanzo tu.

Tulipotoka nje, mzee aliniita kando.

"Kijana. Zile mbuzi zako bado ziko?"

"Ziko, Mzee! Zote tatu!"

"Zilete kesho."

"Kesho? Kesho Ijumaa?"

"Kwani Ijumaa mbuzi hazitembei?"

Sasa hapa nakiri kosa langu. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza: mzee aliyekatalia mkanda miaka tisa na binti miaka miwili, anaachilia vyote viwili kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana? Mimi sikujiuliza chochote. Nilimpigia mama simu nikilia kwa furaha, naye akadhani nimevunjika mguu.

* * *

Ijumaa tulipanda Nunguni na mbuzi watatu nyuma ya pikapu. Kwa wasomaji wasio Wakamba, hiyo ndiyo ntheo. Mbuzi wa mume wanapelekwa kwao msichana, mmoja anachinjwa, jamaa zote mbili zinakula pamoja, na nyama ikiisha, msichana ni mke wako mbele ya kila mtu. Bila ntheo hujaoa, umeazima tu.

Nilikuwa na baba mdogo Munyao, aliyesimama mahali pa marehemu baba. Nilikuwa pia na mama, Syombua, kiongozi wa kina mama kanisani kwetu, amefunga kitambaa chake cheupe. Mama hajawahi kuja kuniona ulingoni. Kwake yeye mieleka ya kupangwa ni uongo, na uongo ni dhambi hata ukiuvalia kaptula.

Tulipoingia kwenye boma, mzee Ndululu alikuwa anapasua kuni, amevaa fulana tu ya ndani. Kumwona mama, aliacha shoka hewani akakimbilia ndani kama aliyefukuzwa na nyuki. Alirudi na koti la kanisani, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, na jua lilikuwa la saa sita.

"Amefanya nini huyo?" nikamuuliza Munyao.

"Ni nthoni," Munyao akanijibu. "Ile heshima ya wakwe. Yeye na mama yako sasa ni athoni. Hawezi kusimama mbele yake mwili wazi. Hata wewe, mama yake Wavinya asikupate bila shati, utatozwa mbuzi wa kukusafisha."

Nilicheka. Laiti ningejua, ningeandika maneno hayo kwenye kiganja.

Mchungaji aliombea mbuzi mpaka mbuzi mwenyewe akalala. Tukala. Mama alimtandaza Wavinya leso mpya nyekundu mabegani, na Wavinya akainamisha kichwa kwa aibu nzuri ambayo sijawahi kuiona akiwa na nyundo ya kengele. Mama mkwe wangu, Nzisa, alinijazia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sahani mbili, akaniomba msamaha kwamba si mwingi. Nilisema moyoni, Kimeu, Mungu amekukumbuka.

Hapo ndipo mzee Ndululu aliponawa mikono, akasimama.

"Wazee," alisema, "leo nimepata mtoto wa kiume. Na kwa sababu sisi si watu wa kuokotwa, tukumbushane nthoni. Mkwe hamsukumi baba mkwe. Hamvuti. Hamkunji shati. Mkono wake hauwezi kushika mwili wangu kwa ubishi. Ama nimekosea, Munyao?"

"Hujakosea," Munyao akasema, mdomo umejaa mbavu. "Akikushika kwa ubishi, ntheo imeharibika. Mbuzi zinarudi na msichana anabaki."

"Hata ikiwa ni mchezo?"

"Nthoni haina mchezo."

Wazee wote wakaitikia. Mzee alinigeukia polepole. Halafu akanikonyeza.

Mfupa niliokuwa nao mkononi ulianguka.

Nilimfuata nyuma ya tangi la maji. "Mzee, si ulikubali kuanguka? Iko kwenye Kitabu!"

"Bado nimekubali. Kitabu kimesema Broka aniangushe. Basi aniangushe, kama hana nthoni."

"Kwa hivyo umenipa Wavinya ndio nisikuguse?"

"Kijana, ningekupa siku moja. Wewe si mtu mbaya. Nimechagua tu siku." Alitabasamu kabisa, bila kinyongo. "Kesho utanikimbilia, utateleza mwenyewe vile umezoea, nitainua mikono, watu waende nyumbani wakicheka. Mimi nibaki na mkanda, wewe ubaki na bibi. Nani amepoteza?"

"Na Madam?"

"Madam atakufuta kazi. Lakini mkwe wangu hawezi kukosa kazi. Viazi vya kupalilia viko hapo vingi."

Niliangalia vile viazi. Vilipanda mlima, vikashuka upande wa pili.

Basi nilikuwa nimebanwa. Nikifuata Kitabu, nimempoteza Wavinya. Nikifuata nthoni, nimepoteza kazi na ubingwa, na nitabaki kuwa yule mtu anayepigwa. Nilitaka vyote viwili, na sioni aibu kusema. Mtu aliyezomewa miaka miwili ana haki ya kutamani kuinuliwa mkono mara moja tu, huku mke wake akiwa pale pale anapiga kengele.

* * *

Jumamosi, sokoni Kwa Vonza. Sijaona watu wengi hivyo tangu nianze kupigwa. Bango lilikuwa limebandikwa kila ukuta: MWISHO WA JEMBE.

Nilimkuta Madam nyuma ya lori, kwenye pazia tunapobadilishia nguo. Nilimwambia kila kitu. Alikaa juu ya jerikeni, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kimeu. Vaa barakoa."

"Madam, watu wote watajua ni mimi."

"Watu watajua. Nthoni itajua?"

"Baba mdogo amekaa mstari wa mbele na wazee watatu. Wamekuja kuangalia nani atamshika nani."

Madam alifunga macho. "Sikia. Mimi heshima ya wakwe naielewa, hata kwetu iko. Na huyo mzee nampenda, kama si mbao zake hakuna kampuni. Lakini miaka tisa naandika kitu kimoja, Kimeu! Jembe ameshinda, Jembe ameshinda. Mkono umechoka. Leo usipotoka na mkanda, hilo koti liache hapa hapa."

Akaondoka na Kitabu chini ya kwapa. Nilibaki nikilishika lile koti la kuzomewa. Sikujua kama nalipenda hivyo.

Pazia likafunguka. Alikuwa Wavinya, leso yake nyekundu mabegani, anacheka.

"Mume wangu," alisema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo, na sikuweza hata kufurahi. "Wavinya, baba yako amenipiga chenga."

"Najua. Jana nilikuwa upande wa pili wa tangi naosha sufuria. Kwani wewe unafikiria nthoni inaenda upande mmoja?"

"Vipi?"

"Wewe huwezi kumshika. Na yeye je? Akikushika kwa ubishi, si ni yeye ameharibu ntheo? Si ni yeye atatoa mbuzi?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Hata mzee, nadhani, alikuwa amelisahau.

"Basi ingia, simama. Usimguse. Usiteleze. Hiyo ingine niachie."

"Ingine gani?"

"Kimeu. Niachie."

"Huyo ni baba yako, Wavinya."

"Ndio maana namjua," akasema, akaenda zake mezani kwa kengele.

* * *

Niliingia na mizani yangu. Watu wakazomea vizuri sana. Nilivua kofia na koti nikavirusha kwa kina mama wauza maembe, nao wakavikanyaga kama kawaida yao. Nikabaki na kaptula ya kubana. Mzee Ndululu akaingia kifua wazi, mkanda kiunoni, akapigiwa makofi na vigelegele.

Kengele ikalia. Nyamai akapaza sauti, "Piganeni!"

Hatukupigana.

Mzee alinisogelea. Nami nikamsogelea. Tulipofika hatua moja, tukasimama.

"Teleza," akaninong'oneza.

"Sitelezi, Mzee."

"Kijana, teleza. Watu wanangoja."

"Mkwe wangu, muthoni wangu, teleza wewe."

Alishtuka. Akainua mkono anikamate shingo, ule mkamato wake maarufu, na pale mstari wa mbele Munyao akasimama wima. "Angalia mkono, Ndululu! Mbuzi!"

Mkono wa mzee ulibaki hewani. Niliona wazo likimwingia kichwani polepole, na uso ukambadilika rangi.

Sasa tukaanza kuipiga hewa. Alirusha teke likapita sikioni kwangu. Nikarusha ngumi ikapita juu ya kipara chake. Alinikimbilia, nikampisha na kumwonyesha njia kwa mkono, akaenda mpaka kwenye kamba, zikamrudisha, akapita tena akisema, "Asante." Nilimwambia karibu.

Watu walikuwa wameduwaa. Halafu mama mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Woi! Hao ni athoni! Jana wamekula ntheo!"

Soko lote likapasuka kwa kicheko. Watu waliacha vibanda vyao, wengine wakapanda juu ya paa za maduka. Kila viwiko vyetu vilipokaribiana, waliimba wote pamoja, "Mbu-zi! Mbu-zi!" Miaka miwili sijawahi kusikia kelele kama ile, na haikuwa ya kunizomea. Madam alikuwa kwenye ngazi ya lori, uso mkali. Alifungua Kitabu, akaangalia zile paa zilizojaa watu, akakifunga. Uso ukalainika.

Nilitupa jicho mezani kwa kengele. Wavinya hakuwepo.

Nilipotazama tena, nilimwona akija katikati ya watu amemshika mtu mkono. Kitambaa cheupe kichwani, mkoba kifuani. Alikuwa mama yangu.

Mama ambaye hajawahi kukanyaga mieleka alifika ukingoni mwa ulingo, akainua uso, akasalimia kwa heshima zake zote.

"Mzee Ndululu! Habari ya tangu jana?"

Mzee aligeuka. Alijiangalia kifua. Alimwangalia mama. Halafu Jembe wa Nunguni, mtu ambaye hajaanguka kwa miaka tisa, akajitupa chini kifudifudi hadi mbao za mikaratusi zikalia.

"Nzuri sana, mama Kimeu," sauti ikatoka kwenye turubai. "Karibu."

Sheria yetu ni rahisi. Anayelala chini bila kushikwa anahesabiwa kumi. Nyamai akainua kidole.

"Moja!"

"Wewe Nyamai!"

"Sheria ni sheria, Mzee. Mbili!"

Watu walikuwa wakirukaruka. Niliinua mikono juu. Sikuwa nimemgusa hata unywele, sikuwa nimevunja nthoni, na Kitabu kilikuwa kinatimia. Wavinya alikuwa amesharudi mezani, mkono mdomoni, machozi ya kicheko yakimtoka. Nilimpenda wakati ule mpaka kifua kikauma.

"Nne! Tano!"

Nilimtazama mzee. Alikuwa amegeuza shavu upande wangu, na alikuwa anatabasamu. Mtu anayepoteza mkanda wa miaka tisa hatabasamu.

"Mkwe," akasema, "angalia nyuma yako."

Niligeuka. Pikapu ya viazi kutoka Nunguni ilikuwa imesimama, na kutoka mbele kwa dereva alikuwa anashuka mama mkwe, Nzisa, na bakuli limefunikwa kwa kitambaa.

"Kimeu! Ulisahau muthokoi wako jana!"

Sikumbuki nikianguka. Nakumbuka tu turubai ikinipiga puani, na mikono yangu imekumbatia kifua.

"Asante sana, mama," nikasema, nikila vumbi.

"Nilimwambia asikose," mzee akaninong'oneza.

Baba na binti walikuwa wamefikiria jambo moja kila mmoja kivyake, na mimi nilikuwa katikati.

Nyamai alikuna kichwa. Madam alikuwa tayari ameruka kutoka kwenye lori na Kitabu mkononi, akifurahi kama mtoto. "Anza upya, Nyamai! Wote wawili! Atakayesimama kwanza anachukua mkanda. Wote wakilala mpaka kumi, mkanda unarudi kwa kampuni, na ile karatasi ya mbao inaisha!"

"Moja!"

Tabasamu la mzee liliisha.

Tulikuwa tumelala uso kwa uso, nafasi ya shubiri moja kati yetu. Upande huu mama yangu, upande ule mke wake. Hakuna aliyeweza kuinua kifua.

"Mbili! Tatu!"

"Simama basi, Mzee. Mkanda utaenda kwa Madam."

"Mama yako ananiangalia. Simama wewe."

"Na mama Wavinya?"

"Nne!"

Sauti yake ilipotoka tena haikuwa ya Jembe.

"Kimeu. Unajua kwa nini sitaki kuanguka?"

"Ile karatasi."

"Si karatasi. Ule mwaka mvua ilibeba shamba langu likashuka bondeni, wewe ulikuwa mdogo. Miti ndiyo ilibaki. Watu wakawa wananiita yule wa shamba lililobebwa. Hata dukani, hata kanisani. Halafu nikaanza hii, wakaniita Jembe." Alimeza mate. "Nikianguka nitarudi kuwa yule."

"Tano! Sita!"

Miaka miwili nilidhani mzee ana kiburi. Kumbe alikuwa na hofu tu, kama mimi.

"Mzee," nikamwambia, "mimi nimeanguka mbele yako mara arobaini na moja. Nimehesabu. Na binti yako bado ananipenda."

Alifumba macho.

"Saba!"

Soko zima lilikuwa limeinamia ulingo sasa. Hata wale wa juu ya paa.

"Nane!"

Kiti kilisukumwa mezani kwa kengele. Wavinya alikuwa amesimama. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi. Halafu akavuta ile leso nyekundu kutoka mabegani, leso aliyovalishwa na mama jana, akairusha juu ya kamba.

Ilianguka kati yetu sisi wawili. Ilikuwa moja tu, ya kumtosha mtu mmoja kujifunga na kusimama mbele ya wakwe zake.

"Ni ya nani?" Nyamai akauliza.

Wavinya alishika nyundo ya kengele kwa mikono miwili.

Nilinyoosha mkono nikashika pindo moja. Wakati ule ule mzee alinyoosha wake, akashika pindo la pili. Hatukugusana hata ukucha.

"Tisa!"

Mimi sikuvuta. Yeye pia hakuvuta. Na Nyamai alikuwa tayari amefungua mdomo kusema kumi.